Sikuwa na Mtu wa Kunikanda

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya mifupa, kwanza sogea kidogo, mpe nafasi yule anayesimamia mguu mmoja. Halafu keti vizuri, kwa sababu utakaa hapo sana. Mimi nilikaa kwenye benchi hilo mpaka nikajua msumari upi unararua sketi. Sasa nyonga yangu ya zamani imetolewa, mpya inanibeba, na nimeona niandike. Mambo ya madaktari sitayaandika, hayo waulize wenyewe. Nitaandika yale ambayo hakuna mtu aliniambia, na habari za mwanamke mmoja aliyeitwa Pamela. Yeye ndiye angefaa kuandika, maana kwa maneno alinishinda mbali.

Jina langu ni Syombua, lakini hapa Silanga, Kibera, ukiuliza Syombua utazungushwa mpaka jua lichwe. Mimi ni Mama Mwende wa makaa. Nimeuza makaa karibu na bwawa tangu Mwende binti yangu akiwa mgongoni. Makaa yanatoka kwetu Kitui, na mimi pia, kwa hiyo huwa nasema tulikuja na lori moja. Baba yake Mwende alifariki zamani. Tumebaki wawili katika chumba kimoja cha mabati.

Makaa ni kazi ya kuchuchumaa. Unakaa kwenye kistuli kifupi, unachota, unajaza mkebe, unainuka, unaburuta gunia, unarudi chini. Maumivu yangu yalianza kwenye kinena yakashuka hadi gotini, na kwa muda mrefu nililipaka goti dawa ya kuchua. Goti la watu halikuwa na hatia yoyote. Baadaye mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia, nikawa natembea kama meza mbovu. Watoto wa ploti walijifunza kuniiga na wakawa wananiiga vizuri sana. Kuvaa chupi ikawa ni kuitega kwa fimbo sakafuni, nitie mguu, niivute polepole huku nimeuma kanga. Kuna asubuhi nilishindwa nikaenda kuuza makaa bila. Nasema haya waziwazi kwa sababu najua wewe unayesoma umefika hapo, na ulidhani uko peke yako.

Nyumbani walikuwa na maelezo yao. Dada yangu Ndinda, aliyenilea baada ya mama yetu kufa, alisema hiyo si nyonga. "Umetupiwa kitu," aliniambia kwenye simu. "Kuja nyumbani uombewe, wacha hao madaktari wa Nairobi wakukate bure." Nilipomwambia picha inaonyesha mfupa umekwisha, unasagana, akasema, "Ukikubali kisu, Syombua, usiniite. Mimi sitakuja kuosha kidonda nilichokukataza." Ndinda hana mzaha. Akisema hatakuja, haji.

Pamela nilimkuta kwenye benchi hilo. Alikuwa mpishi wa chapati kule Kongo, ndani ya Kawangware, na miaka ya kusimama mbele ya jiko ilikuwa imemlia magoti yote mawili. La kulia lilikuwa limepinda kuelekea nje. Alikuwa mnene, mcheshi, wa kutoka kule ziwani, na kila akija kliniki aliandamana na mama yake, mwanamke mrefu mkavu aliyebeba chupa ya chai na kitambaa cha kumfutia bintiye jasho. Pamela alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, lakini mama yule alimfuta uso kama wa mtoto wa chekechea.

"Mama wa makaa, niaje?" ndivyo alivyonisalimu kila mara. "Leo umeleta hiyo nyonga ama umeiacha kwa nyumba?"

"Nimeileta. Wewe hayo magoti yameamkaje?"

"Yameamka yakigombana. Moja linataka kwenda Kisumu, lingine Mombasa."

Tuliitwa, tukapigwa picha, tukaambiwa turudi. Mvua ya masika ikaja ikaisha tukiwa kwenye orodha ya kusubiri. Mara mashine ilikuwa imeharibika, mara chuma chenyewe hakijafika, mara mgomo. Mvua ya vuli nayo ikaja, ikafurika hadi mlangoni kwangu, nikaivuka kwa magongo. Hapo katikati tukawekeana ahadi, Pamela na mimi. Atakayeanza kutembea vizuri atamtembelea mwenzake. Akija yeye Silanga, nitampa gunia la makaa mazito ya mgunga. Nikienda mimi Kongo, atanipikia chapati nile mpaka nikatae mwenyewe.

"Na usinikujie na magongo," aliniambia. "Ukikuja Kongo na magongo watasema nimealika mgonjwa."

Tulipasuliwa siku moja sote wawili, katika majira ya baridi, mimi nyonga na yeye goti la kulia. La kushoto lingefuata baadaye. Vitanda vyetu vilikabiliana. Upasuaji wenyewe sina la kusema, nililala nikaamka. Nililoliona ni la asubuhi iliyofuata. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kulala chali wiki nzima, kama nilivyoona watu wakilazwa zamani, miguu imening'inizwa kwa mawe. Badala yake akaja mwanamke mfupi anayeitwa Madam Chebet, mtu wa mazoezi ya viungo, akiwa na kile chuma chepesi cha miguu minne ambacho wodini wote tulikiita woka. Akakisimamisha mbele yangu.

"Mama, simama."

Nilidhani amekosea kitanda. "Mimi ni yule wa jana," nikamwambia.

"Najua. Siku hizi hatulazi mtu. Mguu ni wako, si wa serikali. Usimamie."

Nilisimama. Sitakudanganya, niliona nyota mchana, na machozi yalinitoka bila kuniuliza. Lakini yale maumivu ya zamani, ya mfupa kusagana na mfupa, hayakuwepo. Haya mapya yalikuwa ya nyama tu, ya kidonda. Nikapiga hatua hadi mguuni mwa kitanda nikarudi, nikalala nikitetemeka.

Madam Chebet akavuka upande wa pili. Pamela alikuwa ameketi tayari, amejikaza, lakini mama yake alisimama kati yao. "Huyu amepasuliwa jana!" alisema kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wodi nzima. "Jana! Hata damu haijakauka! Nyinyi mna roho gani?"

Madam Chebet alimweleza vizuri. Alimwambia mguu usiposogezwa damu inalala ndani, na damu ikilala inaganda, na ikiganda inaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu. Alimwambia ndiyo sababu tunapewa pia vidonge vya kuzuia hilo tukirudi nyumbani. Mama alisikiliza na kichwa chake kikakubali. Pamela akasimama, akatembea hadi mlangoni, akageuka na kunipungia mkono kama mgombea ubunge. Mimi sikuwa nimefika mlangoni. Aliniringia siku nzima. Lakini nilimtazama yule mama, naye alikuwa amejifunika macho kwa kile kitambaa.

Saa ya kutazama wagonjwa ndiyo iliyokuwa adhabu yangu. Kitanda cha Pamela kilizungukwa: mama, dada yake mdogo, kaka yake, akina mama wa kanisa lake, wote na vyombo vya chakula. Waliimba kwa sauti ya chini. Kando ya changu kulikuwa na stuli tupu. Mwende alikuja jioni akitoka kiwandani anakoshona, akasinzia ameegemea godoro langu, nikamwacha alale. Nilijifanya nimelala pia, ili akina mama wale wasinihurumie. Nilimwonea Pamela wivu. Nilimwona ni mtu mwenye bahati kunipita kwa kila kitu.

Tulitoka hospitali pamoja, kila mmoja na woka yake mpya, tukaagana getini. Mama yake alimwingiza Pamela ndani ya gari la kaka akimkinga kichwa kwa mkono.

Sasa nikueleze maisha ya nyumbani, kwa sababu hapa ndipo utahitaji moyo. Mimi nilikatazwa kuchuchumaa, kukaa chini, na kuinama kupita kiasi, nyonga isichomoke. Na choo cha ploti yetu ni tundu kwenye simiti, mwisho wa uchochoro, baada ya mtaro wa maji machafu. Mwende alimwendea fundi wa vyuma, naye akanitengenezea kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati na kuongezwa miguu ya chuma. Kiti kile kikawa bendera yangu. Nikitaka kwenda choo, watoto walikitanguliza mbele kama jeneza, nami nikafuata na woka, na ploti nzima ikajua Mama Mwende anakwenda kufanya nini. Siku moja mchungaji wetu alikuja kuniombea, na jirani kwa heshima akamtolea kiti hicho hicho, amekiwekea mto juu ya tundu. Mchungaji aliomba akizama polepole. Nilicheka mpaka nikashika kidonda. Ni kicheko changu cha kwanza baada ya kisu.

Vicheko vilikuwa vichache. Mwende alitoka kabla jua halijachomoza, ameniachia chai kwenye chupa na ugali ndani ya sufuria iliyofunikwa, na akarudi usiku amechoka hata kuongea hawezi. Kati ya hapo nilikuwa mimi na mabati. Kama nilitaka maji, nilisimama. Kama jua lilichoma upande wa kitanda, nilisimama. Mara moja sikuwahi choo, nikajikojolea kati ya mlango na mtaro, mtu mzima, watu wakipita. Jirani mmoja, Baba Kelvin, aligeuza uso ukutani nipite. Kesho yake nilikuta amemwaga kokoto njia yote mpaka chooni. Nilirudi ndani nikalia. Nililia kwa hasira. Nilimlaumu Ndinda, nilimlaumu marehemu mume wangu kwa kufa, nilimlaumu Mungu. Nilikuwa nikisema kwa sauti: mimi sina mtu. Mtu aliyepasuliwa anatembea kwenye matope na hakuna hata wa kumshika mkono.

Jioni tulizungumza kwa simu, Pamela na mimi. Kwao mambo yalikuwa mengine kabisa.

"Mama Mwende, mimi hapa ni mzazi," alisema akicheka. "Nimewekwa kitandani kama nimejifungua. Maji baridi siguzi. Sinyanyui hata kikombe. Asubuhi supu ya miguu ya ng'ombe, mchana supu, jioni supu. Alafu jioni wanachemsha maji na chumvi, mama ananikanda huu mguu kutoka chini mpaka juu, hadi nalala."

"Na mazoezi?"

"Mazoezi gani? Woka nimetundikiwa kwa msumari. Mama anasema kidonda kikauke kwanza. Wewe unatembea?"

"Natembea. Nitafanya nini?"

"Pole, dada yangu," alisema, na alimaanisha. "Ungekuwa karibu wangekukanda na wewe."

Nilitamani. Naapa nilitamani maji yale ya moto na mikono ile. Usiku nilijikanda mwenyewe paja kwa mkono mmoja nikijua sifikii chini.

Nyuzi zangu zilitolewa kwenye zahanati ya karibu. Nesi alinitembeza mbele yake akapiga makofi. Wakati huo nilikuwa nimefika mpaka kibandani kwangu, nikisimama tu na kumwelekeza mtoto wa jirani kujaza mikebe. Miguu yangu ilikuwa sawa kwa urefu, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka. Nilimpigia Pamela kumringia na mimi.

Hakucheka sana. "Huu mguu umevimba," alisema. "Si goti. Huku nyuma, kwa shavu la mguu. Umekuwa ngumu, una moto. Mama anasema ni damu mbaya inatoka, ndiyo ameongeza kukanda, asubuhi na jioni."

Nikasikia pumzi yake. Alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kisimani.

"Pamela, unahema nini na umelala?"

"Sijui. Labda ni hii supu, nimenenepa."

Maneno ya Madam Chebet yalinirudia yote, neno kwa neno. Nikamwambia arudi hospitali, leo hii, asingoje. Simu ikachukuliwa. Ilikuwa sauti ya mama yake, ya upole. "Nyathina, mwanangu, asante. Lakini usimtishe mgonjwa. Tuko na yeye hapa, hatujamwacha hata dakika."

Sikulala vizuri. Asubuhi Mwende alinitazama navaa akaelewa. "Mathe, unaenda wapi na hiyo mvua?"

"Kongo."

"Kongo? Na wewe choo tu unaenda na msafara?"

"Hawataamini mdomo wangu kwa simu. Wakiniona natembea wataamini."

Hilo ndilo nililokuwa nalo, hakuna lingine. Niliwaza kwamba wakiniona mimi, niliyepasuliwa siku ile ile, nimesimama mlangoni mwao, watamshusha Pamela kitandani wenyewe. Mwende aliomba ruhusa kazini, akatafuta tuktuk, akaniwekea mito miwili nisikae chini sana. Tuktuk ilituacha barabarani. Kutoka hapo hadi kwao ni vichochoro, na mvua ilikuwa imelainisha kila kitu. Woka ilizama, nikaichomoa, ikazama, nikaichomoa. Watu walinipisha wakisema pole, pole mama. Nilifika nimelowa, matope mpaka magotini, na nilijivuna. Kwa kweli nilijivuna.

Mama yake alitoka mlangoni, akasimama, akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye matope. Macho yake yakajaa machozi.

"Mos, nyathina," alisema, yaani pole kwa lugha yao. "Mos sana. Na wewe hauna watu?"

Akaniita ndani, akanivua viatu kwa mikono yake, akataka kunilaza kando ya Pamela. Akamwita binti yake mdogo alete maji ya moto na ya kwangu. Nilichokuwa nimekuja kukionyesha, yeye alikiona kuwa ni taabu ya mtu aliyetupwa.

Pamela alikuwa kwenye mito, amependeza, amesukwa nywele, amepakwa mafuta. Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Waliufunua mguu. Ulikuwa umeng'aa na kukaza, mara mbili ya mwenzake. Woka ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake, imefunikwa na kitambaa cha mshono ili isishike vumbi.

Niliuliza habari za vile vidonge. "Nimeviweka kando," mama akasema. "Mtu amemwaga damu hospitali. Sisi tunampikia supu na mboga ya osuga damu irudi, alafu apewe dawa ya kufanya damu iwe maji? Hapana."

Nilieleza. Mwende naye alieleza, na kwa ukali, mpaka nikamkanya. Hawakuwa watu wabishi, hilo nataka ulijue. Walisikiliza. Kaka yake alipigiwa simu, akasema atakuja na gari kesho asubuhi. Nikasema kesho ni mbali, tuite gari lolote sasa. Pamela mwenyewe akatupa shuka, akashusha mguu mmoja. "Wacha niende na Mama Mwende," alisema. Alipojaribu kusimama alitoa sauti ndogo ya maumivu, na mama yake akamwahi, akamkumbatia, akamrudisha kwenye mito. "Unaona?" aliniambia bila hasira yoyote. "Hawezi. Angoje gari la kaka yake, alale vizuri."

Wakati naondoka Pamela alinishika kidole. "Chapo sijapika," alisema. "Umekuja bure."

"Nitarudi."

"Na usikuje na magongo."

Asubuhi gari lilikuja mapema, walivyoahidi. Dada yake mdogo ndiye aliyenieleza. Walimwinua wote kwa pamoja, akaweka miguu yote miwili sakafuni, akasema "Hewa," mara moja, na akaanguka mikononi mwa mama yake. Hawakufika hata barabarani. Hospitalini walisema ni damu iliyoganda mguuni, ikapanda kwenye mapafu.

Nilipopata simu nilikuwa nimesimama kibandani. Nilibaki nimesimama. Mteja alinipa mkebe wake nikaujaza, nikapokea pesa, nikamrudishia chenji, na sikumbuki alikuwa nani.

Mwili ulikuwa upelekwe nyumbani kwao upande wa ziwa. Kabla ya hapo palikuwa na matanga Kongo, chini ya turubai kwenye uchochoro ule ule. Nilienda. Safari hii nilikuwa na fimbo moja tu, na niliichukia miguu yangu kwa kutembea vizuri. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, amezungukwa. Aliponiona alisogeza watu, akaagiza niletewe kiti kirefu, maana alikumbuka sikai chini. Hata siku hiyo alikumbuka.

Akashika mkono wangu. "Tulimkanda kila siku," alisema. "Kila siku, nyathina. Hatukuruka hata moja. Hakuna mtu atasema Pamela alikosa watu."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Aliniambia. Alifurahi sana."

Nilikuwa na hasira naye, ndiyo, hasira kubwa. Na nilitaka kuweka kichwa changu mapajani mwake anifute uso kwa kile kitambaa. Vyote viwili kwa wakati mmoja.

Akinamama wakaimba, wakamaliza. Alikuwa bado ameshika mkono wangu, akitazama miguu yangu. Aliitazama muda mrefu.

"Wewe," akasema polepole, "alikukanda nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilitafuta uongo na sikuupata.

"Hakuna mtu, mama."

Hakulia. Aliendelea kuitazama miguu yangu, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, kisha akauachia mkono wangu taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kilicho chake. Akainuka peke yake, akawakataza waliotaka kumshika, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na woka ya Pamela, bado imefunikwa kitambaa. Akaiweka mbele yangu. Akarudi kwenye mkeka akajifunika kichwa, na sikuiona tena sura yake siku hiyo.

Nyumbani nilizisimamisha mbili kando kwa kando. Yangu mipira ya miguuni ilikuwa imelika mpaka chuma kikatokeza, na matope ya Silanga yameingia mahali ambapo hayatatoka. Ya Pamela mipira yake ilikuwa mipya, bado ina vile vinyweleo vidogo vya kiwandani. Iligusa sakafu ya wodi, kutoka kitandani hadi mlangoni, basi.

Ndinda alikuja mwishowe, wakati wa mavuno ya mbaazi, amebeba gunia zima na uso wa mtu aliyeshindwa kuomba radhi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuteka maji ayachemshe. "Kaa nikukande," alisema, "nimekuacha sana." Nilizima jiko. Nikamwambia, "Vaa viatu, dada. Kama umenipenda, twende mpaka bwawani na turudi." Alinung'unika njia nzima, lakini alinishika mkono, na tulienda.

Sikuandika haya uwachukie watu wako. Wakikuletea supu, kunywa. Wakikuimbia, itikia. Lakini mwambie mwenye kukupenda sana kuliko wote, na umwambie kabla ya kisu, siyo baada, kwamba mapenzi yake yakusimamishe. Dawa umeze zote. Na mguu ukivimba na pumzi ikipungua, usingoje gari la mtu.

Woka ya Pamela ninayo. Haikai kwangu, huwa namwazima yeyote wa Kibera au Kawangware aliyefanyiwa nyonga au goti, na sidai chochote. Nina sharti moja tu. Siku ya kuirudisha huwa naipindua mbele ya aliyeitumia na kutazama mipira. Ikiwa imelika, nampa mkono. Ikiwa bado mipya, sipokei. Navaa viatu vyangu, naibeba mwenyewe, na tunarudi naye kwake tukitembea.